Alama Chini ya Rangi

Jumatatu, 4 Machi

Mjomba kanipa daftari hili. Kasema: "Kila siku utaandika mambo mawili. Chombo ulichotumia, na kwa nini umechagua hicho ukaacha kingine. Likiisha bila wewe kuharibu gari la mtu, tutazungumza habari ya alama yako."

Kurasa tisini na sita. Niliacha shule kidato cha pili, na dada anasema mwalimu wa Kiswahili alitoa machozi ya furaha, lakini kuandika najua. Ila mambo mawili tu hayanitoshi mimi. Kichwa changu kina mengi, nitaandika na mengine.

Alama ni hivi. Katika gereji yetu ya bodi, fundi akishaondoa rangi na kutu mpaka bati likabaki tupu, kabla ya kupiga praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, anaandika alama yake hapo kwa penseli nene. Halafu inafunikwa na rangi, basi, haionekani tena. Ataiona fundi atakayekuja kufungua hapo miaka kumi baadaye. Ya mjomba ni pembetatu. Ya Mzee Taratibu ni mistari mitatu na nukta, kama kuku aliyekanyaga tope. Mimi mwanafunzi sina alama. Kazi yangu anaikagua Mzee Taratibu, akiridhika anaweka yake.

Leo. Chombo: fagio. Sababu: mjomba kasema.

Jumatano, 6 Machi

Chombo: brashi ya waya, kwa mkono. Sababu: Mzee Taratibu hajui kama umeme umeshavumbuliwa.

Nisimseme vibaya, ni mzee wa watu. Ila mzee huyu! Mlango mmoja siku nzima. Ana sanduku la mbao, humo kaweka skrepa ya kukwangulia, brashi za waya nne kubwa kwa ndogo, misasa kuanzia namba themanini mpaka namba mia tatu na ishirini, na dawa ya kubandua rangi kwenye chupa iliyofungwa kitambaa. Anavipanga kuanzia kisichoumiza mpaka kinachoumiza.

"Injinia," ananiita hivyo kwa dhihaka, "unaanza na kipi?"

"Na chenye nguvu, mzee. Tumalize twende."

"Unaanza na kile ambacho ukikosea unaweza kurudi nyuma."

Grainda, mashine ya umeme yenye jiwe la kusagia, iko ukutani, imening'inia, inanitazama kama binti wa jirani. Nayo ina kazi yake, kwenye bati nene na kwenye maungio ya kulehemu. Lakini kwenye sakafu ya gari ni marufuku. Sakafu huoza kutokea chini, unaona kutu juu kumbe bati lenyewe limebaki ngozi. Mzee anasema: "Brashi ikikuta bati bovu inakwambia. Jiwe la grainda haliulizi kipi kutu kipi bati. Linakula tu."

Ijumaa, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Paa letu la mabati, mvua ikianza tunazungumza kwa mikono.

Chombo: msasa namba themanini. Sababu: vidole vyangu havikuwa na kazi nyingine, sasa havina hata ngozi.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimefundishwa kugonga. Ukishasafisha bati unalipiga kwa kifundo cha kidole. Bati zima linalia, linatoa sauti ndefu. Bati lililoliwa linajibu kifupi, kama mtu uliyemwamsha. Mzee Taratibu macho yake yameanza ukungu, lakini kwa kugonga tu alinionyesha mahali palipooza kwenye mlango wa pikapu, nikachoma bisibisi, ikapita kama kwenye ugali.

Miaka thelathini na minne yuko kwenye kazi hii. Mjomba mwenyewe kafundishwa naye. "Alama ya huyu mzee," mjomba kasema, "haijawahi kurudi hapa na aibu."

Nikamwambia mzee: "Yangu itakuwa mpira. Mtu akibandua rangi ajue hapa alipita kipa."

"Kipa anayefungwa mabao matano?"

"Manne! La tano lilikuwa la kuotea."

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Chombo: fagio, kusukuma maji nje.

Alhamisi, 21 Machi

Limeingia gari la mkunga, lile jeupe la mgongo mrefu. Sakafu upande wa dereva ina kutu chini ya zulia. Kila mtu hapa anamjua mama huyu, nusu ya mtaa imetua kwanza mikononi mwake, mimi nikiwemo.

"Mwanangu," kaniambia, "wewe ulitoka unapiga kelele, na naona mpaka leo hujavuta pumzi."

Gereji yote ikacheka. Na mimi nikacheka. Mama huyu nampenda.

Mjomba kanipa sakafu ile niisafishe mwenyewe! Brashi ya waya, kwa mkono, taratibu. Nikikuta bati jembamba niseme, tukate tuweke kiraka. Gari linatakiwa Jumatatu.

Jumamosi, 23 Machi

Chombo: brashi ya waya, kwa mkono. Sababu: sakafu ya gari, bati jembamba, kama nilivyofundishwa.

Jumapili, 24 Machi

Nilichoandika jana ni uongo. Nimejaribu kuchana ukurasa, daftari limeshonwa, ukitoka mmoja unatoka na mwenzake wenye maneno ya kweli. Basi, ubaki.

Jana saa tisa alasiri tulikuwa na mechi, nusu fainali ya mtaa. Mimi ndiye kipa, wa akiba hayupo, na hata angekuwepo. Saa tano nilikuwa sijafika hata robo ya ile sakafu. Mjomba alikuwa ametoka kununua rangi. Mzee Taratibu alikuwa nyuma anachanganya praima. Mvua ikaanza, kubwa, ile ya kupiga paa kama kokoto, na nikajiambia kwa mvua hii hata nikiwasha treni humu hakuna atakayesikia.

Nikaitungua grainda.

Dakika kumi na mbili. Sitadanganya tena, ilikuwa raha. Kutu inaruka kama pilipili, bati linatoka jeupe linang'aa, unajiuliza wazee hawa wamekuwa wakiteseka kwa nini. Halafu pale nyuma, inapofungwa miguu ya kiti cha dereva, nikabonyeza kwa gumba. Likabonyea. Likarudi. Likabonyea tena, kama kifuniko cha kopo la maziwa.

Nilijua. Asije mtu akasema kijana hakujua. Nilijua hapo hapo kwamba linatakiwa kiraka, na kiraka ni kukata, kupima, kulehemu, mpaka jioni. Na nilijua swali la kwanza litakuwa: umetumia nini? Nikairudisha grainda ukutani, nikapitisha msasa kufuta mikwaruzo ya jiwe, nikamwaga vumbi la kutu juu kidogo ili lionekane la brashi. Akili hizo ningezitumia shule ningekuwa daktari.

Mzee Taratibu akaja na penseli yake. Akapiga goti, taratibu, mkono mmoja kwenye kizingiti cha mlango. Akapapasa. Akagonga. Akagonga tena. Mvua ilikuwa inanguruma hata sauti ya kikohozi chake sikuisikia. Akasogeza mdomo sikioni kwangu.

"Mvua hii imeniziba masikio! Gonga wewe, una masikio mabichi! Linalia au halilii?"

Nikainama. Nikagonga pale mbele, penye bati zima. Sikusikia kitu hata hapo, mvua tupu.

"Linalia, mzee!"

"Na huku nyuma?"

Sikugonga. Niliweka mkono tu.

"Linalia!"

Akachora mistari mitatu na nukta. Akanigonga begani kwa ile penseli. Akaipiga praima kwa mkono wake mwenyewe ili mimi niwahi mpira.

Mechi iliahirishwa. Uwanja ulikuwa umejaa maji.

Jumatatu, 25 Machi

Mkunga kachukua gari. Kanishika shavu, kasema, "Mwanangu, limekuwa jipya!" Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikayameza na mate.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Chombo: brashi ya waya. Sababu: naogopa grainda.

Jumamosi, 30 Machi

Mechi imerudiwa. Tumefungwa matatu. Dada kasema nilikuwa nasimama golini kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Gari jeupe limepita saa mbili asubuhi, kanipigia honi. Nimepunga mkono. Mpaka leo limepita mara tisa. Sikusudii kuhesabu, linajihesabu lenyewe.

Nimejiwekea hoja. Rangi ni nzito, tena tuliweka mbili. Kiti kina miguu minne, mbovu ni mguu mmoja, labda na nusu. Mkunga si mnene. Hoja zote hizi ni nzuri mpaka mvua ianze kupiga paa, hapo zinakimbia kama kuku.

Jambo la ajabu, siku hizi Mzee Taratibu kanipenda. Zamani nilimwona kizee msumbufu, mtu wa kunichelewesha. Sasa ananiachia sanduku lake wazi. Leo kanipa brashi yake ndogo ya shaba, ile ya kwenye pembe, hampi mtu. Kasema: "Ile sakafu ya mkunga ulifanya vizuri. Laini. Mimi kwa umri wako nilikuwa naacha matuta."

Laini! Bila shaka laini, mzee wangu. Jiwe lile.

Nikafanya mzaha, nikasema nina kipaji cha kuzaliwa. Nikaenda nyuma nikanawa uso.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Limepita.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Halikupita mpaka saa tisa. Nilikuwa nimekwisha kujifia.

Jumapili, 14 Aprili

Nilikwenda mpaka kwake. Nilipanga kusema: "Mama, nipe gari nikague kidogo, huduma ya bure." Nikamkuta anapakia mkoba wake, anawahi. Kanipa ndizi mbili kwa kuja kumsalimia, akaondoka. Nimekula ndizi njiani. Sijui hata nilikuwa nakula nini.

Jumatano, 17 Aprili

Limetokea.

Saa nne asubuhi mkunga kaja kwa miguu, kalowa, mkono wa kulia kaufunga kwa kanga kifuani. Alfajiri alikuwa anamwahi mwanamke mwenye uchungu. Gari likaingia shimo lililojaa maji, mguu wa nyuma wa kiti ukatoboa sakafu ukazama, kiti kikaanguka nyuma naye yuko kwenye usukani. Gari likajiendea mtaroni, polepole, Mungu saidia. Akaangukia kiganja. Kifundo cha mkono kimevunjika. Akabeba mkoba kwa mkono wa kushoto, akatembea mpaka kwa yule mwanamke, akapokea mtoto kwa mkono mmoja huku mama mkwe wa nyumba akishika upande wa pili. Mtoto mzima. Ndipo akaenda hospitali, kisha akaja kwetu. Wiki sita mkono huo haufanyi kazi. Mkono ule ule ulionipokea mimi.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Kasema tu: "Jamani, niliwaamini."

Tulilivuta gari. Mjomba akang'oa kiti, akatupa zulia, akaondoa rangi pembeni mwa tundu kwa dawa, kidogo kidogo, kwa skrepa. Sisi tumesimama. Ikatokea mistari mitatu. Kisha nukta. Nukta ilikuwa ukingoni kabisa mwa tundu.

Mjomba akainuka. Hakumtazama mzee usoni.

"Mzee. Hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Uligonga?"

Mzee Taratibu akapiga goti pale, taratibu kama kawaida yake. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu, akazunguka nao wote. Akakaa na kidole pale muda mrefu. Mvua ilikuwa imekatika, gereji kimya, ningesikia hata sisimizi.

"Alama ni yangu," akasema. "Kilicho chini ya alama yangu ni changu."

Mjomba kamwomba penseli. Kwa adabu, kwa mikono miwili, kama unavyopokea kitu kwa mkubwa. Mwanafunzi anachukua penseli ya aliyemfundisha. Mimi nimesimama hapo hapo, mdomo huu uliotoka tumboni unapiga kelele, umefungwa kama umelehemiwa.

Alhamisi, 18 Aprili

Mzee kaja kazini. Kakaa kwenye kigoda anasafisha brashi zilizo safi.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Mteja kauliza, "Nani atakagua mlango wangu, si yule mzee haoni?" Mzee kasikia. Leo hapakuwa na mvua ya kutosha kumziba masikio.

Jumamosi, 20 Aprili

Kanipa sanduku. Lote. Skrepa, brashi, misasa, chupa ya dawa. Kasema Jumatatu hatakuja. "Utavihitaji, Injinia. Mimi mikono imechoka."

Nimelibeba mpaka nyumbani. Ni zito kuliko mlango wa lori. Dada kauliza nimeiba wapi. Nikalisukuma chini ya kitanda, kwa sababu alikuwa amepatia.

Jumapili, 21 Aprili

Nimelifungua sanduku kuvihesabu vitu, mchana, mezani. Nikapitisha kidole kwenye ukingo wa skrepa, ulionolewa kwa jiwe, halafu kwenye kipande cha bati lililooza nilichokikuta chini ya vyombo. Bati lililoliwa na kutu ukingo wake unachoma, una meno. Lililoliwa na jiwe ni jembamba, laini kama wembe.

Mzee alizungusha kidole ukingo wote. Miaka thelathini na minne.

Alijua tangu Jumatano.

Alijua, akasema alama ni yake.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda kwanza kwa mkunga. Kabla sijasalimia nikasema: "Mama, ni mimi." Nikaeleza yote, grainda, mechi, mvua. Akanitazama, mkono kwenye plasta nyeupe kama gari lake.

"Ungekuja siku ile ya ndizi," akasema, "ningekucheka nikakusamehe. Leo sijui. Nenda kamwambie mwenye penseli. Mimi unidai jibu mkono ukipona."

Nikaenda kwa Mzee Taratibu, nikamkuta uani anamwagilia mche wa pilipili wakati imenyesha alfajiri nzima. Nikamwomba twende gereji. Hakuuliza kwa nini. Njia nzima sanduku liko begani kwangu, yeye mbele, taratibu, na mimi sikumharakisha.

Mjomba alikuwa chini ya lori. Nikamwambia atoke. Akatoka amekasirika. Nikafungua daftari hili, nikasoma kwa sauti tarehe 23, kisha tarehe 24, yote, mpaka kifuniko cha kopo la maziwa, mpaka "linalia". Nilisoma vibaya, nilikuwa nakwama kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mjomba alinyanyua mkono. Nilitaka anipige. Akaushusha, akajishika kichwa.

"Mtoto wa dada yangu," akasema. "Na mimi nimemnyang'anya mzee huyu penseli."

Akaitoa mfukoni, akampa mzee, mikono miwili tena. Mzee hakuipokea mara moja.

"Anayeweka alama ndiye anayegonga," akasema. "Mimi niligonga nisisikie, nikaweka. Nina sehemu yangu hapo, usiniondolee."

Nikasema: "Mzee, mvua ilikuwa kubwa. Usingesikia hata ungefanyaje."

Akaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, akatoa bisibisi yake ndefu. Ncha akaiweka kwenye ubavu wa lori, mpini kwenye tundu la sikio lake. Akagonga bati kwa kidole. "Mvua inapiga paa, sauti ya bati inapanda kwenye chuma hiki. Hata gharika ije, unasikia."

"Siku ile hukuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Mfuko huu huu."

"Sasa mbona hukuitumia, mzee?"

"Nilikuwa nimekuuliza wewe," akasema.

Sijui kama nitaandika zaidi leo.

Jumatano, 24 Aprili

Mjomba kahukumu. Habari ya alama yangu isitajwe mpaka atakapoitaja yeye, na kasema nisisubiri. Sakafu ya mkunga nitaifanya yote upya, kwa mkono, mchana wote na mbele ya kila mteja. Mkono wake ukiwa kwenye plasta, nitambebea mkoba kila anapoitwa. Timu itafute kipa.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua. Chombo: mkoba wa mkunga. Sababu: ana mkono mmoja. Leo nimesimama nje ya mlango wa watu kwa muda wa saa sita, nimesikia mtoto akitoka anapiga kelele. Mkunga kachungulia, kasema, "Amekushinda kidogo." Ni neno la kwanza la utani tangu siku ile. Nimelibeba mpaka nyumbani.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua kubwa, ile ile ya kokoto. Sakafu imekatwa palipooza, kiraka kimelehemiwa, kimesafishwa. Ilibaki kipande kidogo cha bati la zamani pembeni, zima, lenye ile mistari mitatu.

"Ondoa," mzee akasema. "Mpaka paonekane hapakuwa na kitu."

Nimeiondoa. Imechukua muda, kwa sababu penseli inaingia ndani kuliko mtu anavyodhani. Kisha akanipa bisibisi, akanionyesha kwa ishara. Nikaweka ncha kwenye bati, mpini sikioni. Akagonga yeye. Kila mahali alipogonga alinitazama, akingoja.

Mbele, nikaitikia kwa kichwa: linalia. Katikati, linalia. Pale kwenye miguu ya kiti nilisikiliza mara tatu. Nikamshika mkono, nikamwomba agonge tena. Akagonga. Nikamwambia kwa sauti ya juu kuliko mvua:

"Kiraka kinalia! Kwenye ukingo sina hakika, mzee! Sikiliza mwenyewe!"

Akapokea bisibisi. Akasikiliza muda mrefu, macho kayafumba. Tukalehemu ukingo upya.

Chombo: msasa namba mia moja themanini, kwa mkono. Sababu: ulikuwa ndio laini kuliko yote uliotosha kufuta alama yake, nisile bati.